Amplifaya Niliyoinunua Nyumbani Kwangu

Jumamosi. Asubuhi imenyesha, kisha jua likatoka kali, na kuta zikaanza kutoa jasho. Nyumba hizi za mawe za Mji wa Kale ndivyo zilivyo. Mvua huingia ukutani leo, ikatoka kesho. Nimeamka moyo mzito. Nilijua mnunuzi wa vyombo vya muziki anakuja.

Vyombo vyenyewe ni vya marehemu mume wangu, Baba Nasra: spika mbili kubwa za mbao, deki ya kanda, na amplifaya yenye redio ndani. Tangu afariki viko palepale sebuleni, nimevifunika kanga. Kila siku baada ya sala ya alasiri alikuwa akiviwasha. Amplifaya ile haitoi sauti mara moja. Hukaa kimya kidogo, halafu ndani yake kunalia "tak", ndipo muziki huja.

Bado naisikia hiyo tak.

Niliichomoa kwenye umeme mwenyewe, waya nikauviringa. Lakini kuna alasiri niko jikoni nakuna nazi, naisikia, mkono unasimama, nangoja muziki. Hauji. Sijamwambia mtu. Ndiyo sababu nilitaka vyombo viondoke, hata kwa bei ya kutupa.

Ila kutupa siwezi. Ni mali ya mirathi. Mna haki ya wanangu humo, na haki ya mama mkwe, na langu ni fungu dogo tu. Nikimpunguzia mnunuzi, nawapunguzia mayatima. Shemeji yangu, ndugu wa marehemu, alinipigia simu jana kunifundisha: nisitaje bei mimi kwanza, na kubwa zaidi, nisimkirimu mtu kabla ya kupatana.

"Akishakula kwako ni mgeni, shemeji. Na wewe mgeni hujui kumkatalia."

Mnunuzi ni Bwana Katana, ana duka la redio kuukuu karibu na Makupa. Alipiga hodi, akaamkia vizuri, akatoa pole ya msiba kabla hajaketi. Kufumba na kufumbua, nimeshamwekea mahamri na kahawa ya tangawizi.

Naam.

Alikula, akashukuru, akafunua kanga. Akazigonga spika kwa kidole kama mtu achaguaye tikiti maji.

"Spika nzuri, mama. Deki ina uzee wake. Hii amplifaya nitakupa elfu sita, na hapo ni kwa sababu ya mahamri."

Ulimi ulitaka kusema chukua. Nikawakumbuka wanangu. Nikaanza kuisifu. Nikamwambia marehemu alikuwa akiipangusa vumbi kwa brashi ya kunyolea ndevu, mpya, aliyoinunua kwa kazi hiyo tu. Nikamwambia hakuwahi kumwazima mtu chombo hiki.

"Hata harusini haijaenda?"

"Tangu iingie mlango ule haijautoka."

Akacheka. Spika na deki tulipatana upesi. Kwenye amplifaya tulivutana mpaka kahawa ikaisha; yeye akipanda kwa kuguna, mimi nimesimama kwenye tisa.

"Haya, tisa. Lakini niisikie kwanza."

Ni haki yake. Nikaichomeka. Akatia kanda aliyokuja nayo mfukoni, taarabu ya zamani. Kimya. Kisha tak.

Nilishika kiti.

Muziki ukajaa sebule. Kabla ubeti wa kwanza haujaisha, sauti ikaja dirishani, kutoka ng'ambo ya kichochoro.

"Athmani! Ushakuja, mwanangu? Siku nyingi hukuniwashia."

Athmani ndilo jina la Baba Nasra.

Sauti ilikuwa ya Bi Zena, jirani yetu. Hatoki kitandani siku hizi, na kumbukumbu zimemtoka. Alipoanza kuugulia kitandani, Baba Nasra alivuta waya kutoka kwenye amplifaya, akaupitisha dirishani hadi chumbani kwake, akamwekea spika ndogo. Nilidhani uling'olewa walipopaka chokaa. Kumbe upo. Bwana Katana aliufuata kwa kidole nyuma ya amplifaya: waya wa tatu, mweupe.

Kifo tulimwambia. Kila alipoambiwa alilia kama ndiyo kwanza asikie, mpaka binti yake akatuomba tuache. Nikienda kumtazama, huwa natazama mikono yake tu.

"Athmani! Ongeza kidogo, sisikii!"

Nilikwenda dirishani. "Ni mimi, Bi Zena. Mama Nasra."

"Basi mwambie mumeo aongeze."

"Nitamwambia."

Ndivyo nilivyosema. Nitamwambia.

Nilipogeuka, Bwana Katana alikuwa ameshaongeza sauti. Tuliusikiliza wimbo mpaka ukaisha. Nikamwambia amplifaya siuzi tena.

"Haya, mama. Basi ibaki kwako."

Lakini haiwezi kubaki hivihivi. Si yangu. Nikiitaka, lazima ikatwe kwenye fungu langu kwa bei ya haki, na anayeijua bei ni yeye. Nilipomweleza alicheka mpaka akakohoa.

"Mama, si wewe uliyeipigia debe hapa mpaka tisa? Sasa ulimi wako umekuponza! Sikiza, tuseme sita, bei yangu ya kwanza. Shemeji yako nitamwambia mimi."

"Nikiuza ilikuwa tisa. Haiwezi kuwa sita nikinunua."

"Nane, basi. Kwa ajili ya mahamri."

"Tisa, Bwana Katana."

Akatikisa kichwa. "Tangu nianze biashara hii sijaona mtu ajipandishiaye bei."

Nikampigia shemeji simu, nikamweleza yote. Cha kwanza aliuliza:

"Ulimkirimu, siyo?"

Nikasema ndiyo. Akasema Mungu anilipe, na bei akaikubali.

Spika na deki zimeondoka kwa mkokoteni. Sakafuni zimeacha alama mbili za mraba, safi kuliko sakafu nyingine. Nimezisugua kwa maji na bado zaonekana.

Baada ya alasiri nimeiwasha. Sasa ina waya mmoja tu wa spika, ule mweupe. Nikazungusha redio, nikangoja. Tak. Humu ndani kimya kitupu. Muziki umelia ng'ambo, chumbani kwa Bi Zena, mdogo, nami nikausikiliza dirishani kama mpita njia.

Kwa mara ya kwanza tangu afariki, tak ya alasiri imelia na muziki ukaja.

"Ongeza kidogo, Athmani."

Nikaongeza.

Kesho alasiri ataliita tena jina lile. Je, nitaitika?