Mama Hatalala kwa Mkwe

S.L.P. 118,
Kamukuywa.
Jumanne, 14 Oktoba 2025.

Mpendwa mdogo wangu Fridah,

Pokea salamu za watu waliochoka. Kwanza niambie, kile kifua kimepona ama baridi ya Ujerumani bado inakusumbua? Na mtoto je, sasa anawaacha mlale? Sisi huku tunapumua. Mahindi yamekubali mwaka huu, ila mvua imekataa kwenda, basi ni kuanika na kuanua mpaka mgongo wangu umesema basi. Mama ni mzima, isipokuwa jambo la macho, ambalo nitalifikia.

Simu zako nimeziona. Sikuzichukua kwa sababu Mama huwa ameketi hapo kando, na mengine ya kukuambia sitaki ayasikie. Ndiyo maana nimeandika, Chesang wa Ndalu akubebee akirudi kazini huko.

Fridah, karatasi za viza zimerudishwa. Usimlaumu mumeo Festus, barua yake ya mwaliko ilikuwa sawa kabisa. Mama mwenyewe ndiye aliyeharibu.

Unajua vile tumehangaika. Cheti cha kuzaliwa hakikuwepo, maana Mama alizaliwa nyumbani Myanga na hakuna aliyeandika popote, ikabidi tutafute wazee wa kumshuhudia kwa chifu. Tukaja kwa pasipoti, mashine ikakataa vidole vyake. Jembe limevilainisha, hakuna alama. Tukapaka mafuta, tukapangusa, tukajaribu tena mpaka vikashika. Na pale Kitale kwa Kibe, yule wa saiba anayetujazia fomu kwenye mtandao, nimeenda mpaka walinzi wa mtaa wanadhani nimeajiriwa.

Nairobi nako mambo yalikuwa yanaenda vizuri. Binti wa dirishani alikuwa Mkenya, mwenye adabu, akapanga karatasi zote bila neno. Halafu akamwuliza Mama kwa Kiswahili, kama mtu anayepiga tu gumzo, akifika huko atakaa kwa nani. Barua ya Festus inasema atalala kwake, na kwenye fomu mimi nilijaza hivyo hivyo. Mama akanyoosha mgongo.

"Kwa mtoto wangu nitakula. Kulala, hapana, ni mwiko. Nitalalaje kwa nyumba ya mkwe wangu? Si watu watasema nimepotelewa na akili?"

Akaulizwa basi atalala wapi. Akasema Mungu atampatia mahali. Bana! Ati Mungu, mbele ya mtu anayetaka anwani na mhuri! Nilikohoa mpaka nikaogopa watanifukuza. Yule binti alinitazama kwa huruma, nafikiri naye ana mama kama huyu. Lakini barua inasema hivi na msafiri anasema vile, angefanya nini? Akaturudishia zote, akatuambia tupange upya tukiwa tumepata makao yanayoeleweka.

Njiani kurudi nilikuwa na hasira hadi sikuweza hata kunywa chai. Nikamwambia Mama huko ni Ulaya, nani atamwona? Akaniuliza kama Festus akivuka bahari anaacha kuwa mkwe. Kisha akalala usingizi mzuri mpaka Kitale.

Sasa Festus, Mungu ambariki, alipiga simu akasema yuko tayari kuhama aende kwa rafiki yake likizo yote ya Krismasi, Mama alale hapo na wewe. Mama alilia kwa furaha, akasema amepata mkwe mwenye heshima. Kisha akakataa. Ati nyumba ni ya Festus hata kama Festus hayumo. Si unamjua.

Mimi ningekuwa nimeshaachana na haya mambo, nakuambia ukweli. Nimechoka. Lakini daktari wa macho kule Bungoma aliniita kando. Jicho la kushoto limekwisha. La kulia limeanza kufifia, na dawa ya matone itachelewesha tu, kilichopotea hakirudi. Akaniambia kama kuna kitu mama huyu anatamani kukiona, tusiahirishe.

Na wewe unajua ni kitu gani. Ulipompa mtoto jina la marehemu nyanya yetu, Kukhu Nasimiyu, Mama aliacha kumwita mjukuu, anamwita "mayi", kama alivyomwita mama yake. Hatuna picha ya Kukhu hata moja. Yeye peke yake ndiye anayeikumbuka ile sura, na anataka kujua kama imerudi. Picha unazotuma anazisogeza mpaka simu inagusa pua, halafu ananirudishia simu. Inaniuma, Fridah, kuliko huu mgongo.

Basi nakuomba. Tafuta mwanamke wa kanisani kwenu, awe mjane au nani, mradi si ndugu wa Festus, aandike kwamba Mama atalala kwake. Kitanda tu, chakula atakula kwako. Kibe ananitafutia siku nyingine ya kwenda Nairobi. Barua hiyo ikifika mapema, Krismasi bado tunaiwahi.

Nisalimie shemeji sana, mwambie hajakosa lolote. Job wangu anawasalimu, na Linah anauliza kama kuna theluji. Chesang atakupa simsim na njugu, zote ni za shamba la Mama. Mungu awafunike huko mliko.

Nilikuwa nataka kutia sahihi hapa, Mama ameingia akauliza naandikia nani. Nikamwambia habari ya huyo mama wa kanisani. Nilidhani atauliza juu ya baridi, ama watu wa huko wanakula nini. Ameuliza tu kama kutoka kwa huyo mama mpaka kwako anaweza kutembea mwenyewe asubuhi bila kushikwa mkono. Nimemwambia ndiyo.

Kwa hivyo tafuta nyumba ya karibu.

Dada yako akupendaye sana,
Sellah