Flashi ya Wafiwa

Gorni Brod, 14 Septemba

Mama mpendwa,

Mimi mzima, baba anajikongoja, natumai nawe huko Zaragoza u mzima na yule mzee unayemtunza hakusumbui sana. Pilipili tumeshazichoma, na rojo yake ya lyutenitsa imo kwenye chupa. Baba alikaa kwenye kigoda akitoa amri kama jenerali, kukoroga nikakoroga mimi.

Kazini hali si nzuri. Kirusi kimeingia kwenye kompyuta za hospitali. Nimefuta kila kitu na kuweka programu upya, kuanzia mapokezi mpaka maabara, na baada ya muda kinarudi kana kwamba sikufanya lolote. Mafaili ya wagonjwa yanajifunga, hayafunguki tena. Mkurugenzi aliniuliza mbele za watu, "Denitsa, hivi tunakulipa uangalie katuni?"

Ninachokiogopa ni wodi ya figo. Kompyuta inayosimamia maji ya zile mashine za kusafisha damu ni kuukuu. Kirusi kikiingia humo, baba na wenzake hawatasafishwa damu hapa, watapelekwa hospitali ya Vratsa, na barabara ile unaijua wakati wa baridi. Kwa moyo wake ule dhaifu, sijui.

Mwanao,
Denitsa

Zaragoza, 25 Septemba

Denitsa mwanangu,

Barua nimeipata. Mimi sijambo isipokuwa kiuno. Mzee Anselmo ananiita kwa jina la dada yake aliyekufa, nami naitika tu, maana kumsahihisha ni kazi bure.

Mambo ya kompyuta siyaelewi. Huyo mkurugenzi wako nilimjua akiwa na kamasi puani, asikutishe. Mwangalie baba yako. Najua ananunua jibini ya chumvi kwa siri, ukiiona mnyang'anye.

Mwezi wa kumi na moja Lacho wetu anatimiza mwaka tangu pikipiki imuue. Nataka karatasi yake ya msiba iwe nzuri, yenye ile picha anamocheka. Uibandike mlangoni na kwenye nguzo zote mpaka dukani. Mimi siwezi kuja. Mpita njia akisoma jina la mwanangu, kwangu ni sawa na kumwashia mshumaa kwa mkono wangu.

Mamako

Gorni Brod, 20 Oktoba

Mama mpendwa,

Natumai kiuno kimepoa. Sisi wazima, na jibini niliikuta ndani ya buti la baba.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kirusi nimekipata. Kinarudi kila mtu anapofiwa. Hapa kazini kuna flashi moja yenye ile fremu nyeusi ya karatasi za msiba, msalaba, na shairi lililokwisha andikwa. Mwenye msiba anaiazima, anabadilisha jina na picha, anachapa kwa printa ya hospitali, kisha anampa mwenzake. Kuna ya arobaini, ya miezi sita, ya mwaka, mpaka ya miaka kumi. Mji huu watu hawaishi kufa, basi flashi nayo haipumziki. Mimi nasafisha, wao wanairudisha pamoja na marehemu wao.

Nimepiga marufuku. Flashi zote nimezikusanya, na kompyuta zote nimezizuia zisisome flashi yoyote, isipokuwa ile ya maji, maana fundi wa mashine huitumia hivyo. Sasa wanawake hawanisalimii. Nesi Stoyanka wa wodi ya figo aliniambia, "Wewe baba unaye. Mimi mume wangu amebaki kwenye karatasi, na huko nako unataka kumfuta." Niliona aibu, mama, lakini sikurudi nyuma.

Mwanao,
Denitsa

Zaragoza, 29 Oktoba

Denitsa,

Sijambo. Sijasikia ukitaja karatasi ya Lacho. Marufuku yako ni ya watu wengine, huyu ni ndugu yako wa tumbo moja. Funga mlango, chapa, kazi imekwisha. Au na wewe unataka watu waseme Lacho hakuwa na kwao?

Mamako

Gorni Brod, 6 Novemba

Mama,

Natumai u mzima. Usinikasirikie. Siwezi kuwanyima wenzangu halafu nichape ya kwetu kwa kujificha. Duka la kuchapisha limefungwa, mwenyewe kahamia Ujerumani. Nipe muda mpaka nipate ruhusa niende Vratsa, nitakuchapia nyingi kadiri utakavyo. Lacho hawezi kunikasirikia kwa kuchelewa, yeye mwenyewe alichelewa hata ubatizo wake.

Niandikie.

Mwanao,
Denitsa

Gorni Brod, 2 Desemba

Mama,

Hujanijibu, na sasa najua kwa nini.

Siku ya Lacho nilitoka kwenda kazini nikakuta anacheka kwenye kila nguzo. Nikadhani umezituma karatasi kutoka huko. Nilisimama nikalia, nikakushukuru kimoyomoyo. Nilipofika hospitali, kompyuta ya maji ilikuwa imejifunga, na wagonjwa wamekaa na makoti yao wanangoja.

Baba amenieleza yote. Ulimpigia simu akiwa kwenye mashine, mkono umefungwa mirija, ukamlilia. Naye akamlilia Stoyanka. Stoyanka alikuwa amenificha ile flashi ndani ya soksi, akaichomeka kwenye kompyuta ya maji, pale pale pasipozuiwa, akachapa na kubandika. Baba anasema, "Mwanangu, mama yako alikuwa analia, ungefanyaje?" Ningekataa, mama. Nilikataa, na wewe ukanizunguka.

Sasa mara tatu kwa wiki wanampakia kwenye gari la Vratsa kabla hakujakucha. Anarudi akiwa mweupe, hata buti hawezi kujivua. Ulitaka watu wamsome Lacho, wamemsoma. Huyu aliye hai ndiye unayemmaliza.

Denitsa

Gorni Brod, 11 Desemba

Mama mpendwa,

Barua iliyopita niliiandika kwa hasira. Maji yakimwagika hayazoleki, najua, lakini ungenijibu hata kwa kunitukana. Baba anauliza kama umeandika. Namwambia posta imechelewa kwa sababu ya theluji.

Kompyuta ya maji nimebadilisha diski, nikaanza moja. Bado wanataka fundi wa mashine atoke Sofia kuithibitisha, naye anasema baada ya sikukuu.

Mwanao,
Denitsa

Gorni Brod, 13 Januari

Mama,

Nimepiga simu, mzee Anselmo anapokea na kuniita kwa jina la mtu nisiyemjua. Najua umesimama karibu yake.

Baba amefariki. Moyo ulisimama garini wakirudi kutoka Vratsa. Dereva aliegesha pembeni, lakini alikuwa ameshakata roho. Nimemzika karibu na Lacho. Ngano ya marehemu, ile ya kuwagawia waombolezaji, nilichemsha mwenyewe, na Stoyanka alikuja kunisaidia, tukachambua pamoja.

Fundi alifika siku iliyofuata mazishi. Kompyuta ni safi, kirusi hakipo popote. Mkurugenzi alinipa mkono. Kisha akanieleza kwamba imeshaamuliwa mashine za figo zihamie Vratsa kwa kudumu.

Mama, nilisema wewe unammaliza. Nilisema mimi, kwa mkono wangu niliandika. Njoo nyumbani.

Mwanao,
Denitsa

Zaragoza, 27 Januari

TSVETAN ILIEV
Fundi wa reli. Baba wa Lachezar (Lacho) na Denitsa.
Alikuwa mpole na hakujua kumkatalia mtu.
Siku arobaini bila yeye.
Mwombolezaji: binti yake, Denitsa.

Gorni Brod, 16 Februari

Mama mpendwa,

Mimi mzima. Wewe hukuniuliza hali wala hukunieleza yako, ila maneno ya karatasi ya baba yamefika, nimeyanakili kwa mkono, karatasi baada ya karatasi. Mwandiko wangu unaujua, lakini yanasomeka. Stoyanka alishika gundi. Nimebandika mlangoni, kwenye nguzo, na kwenye uzio wa stesheni alipokuwa akifanya kazi.

Neno lako sikuligusa hata moja. Ila waombolezaji hukuwahesabu vizuri. Pale chini nimeandika: mkewe, Pavlina. Kisha mimi.

Mwanao,
Denitsa