Uso ya Prezida Juu ya Chisense

Siku ya posho, jumamosi, mwezi wa nane, Nchelenge

Leo upepo ya ziwa ilianza mbele jua itoke, na mpaka sasa haijaachia. Ule upepo ya baridi yenye kuingiza muchanga mu meno. Roho yangu iko vile vile. Tangu saa ya mchana haitulie.

Miye sijue kuandika. Sikusomaka hata siku moja. Baba yangu alisemaka masomo ni ya batoto wanaume, na kwetu Pweto masomo yenyewe ilikuwa mbali. Miye ninasema, mutoto ya mutoto yangu anaandika mu telefone, kiisha anatia mu ile fasi penye batu bote banasomaka. Humu tunamuita Neema. Si jina yake. Nilimuambia tangu mwanzo: jina yako ya kweli ibakie mu nyumba, inje kuko upepo.

Bon. Siku ya ine, alhamisi yenye kuya, Zambia inachagua prezida. Miye sichague. Miye niko mukimbizi, nilivukaka ziwa na mama yake Neema ku mugongo, vita ilikuwa nyuma yetu. Nikabakia. Mama yake Neema alikomaa hapa, akazaa na mwanaume wa Mununga, kiisha akaenda kutafuta maisha Lubumbashi. Baba naye alikufaka. Mutoto akabakia na miye. Yeye ni wa hapa, iko na ile karte ya kijani ya benye inchi, na karte ya kura pia. Ni mara yake ya kwanza kuchagua.

Na hataki kunambia nani.

Miye, kambo yake, mama ya mama yake, mwenye kumulisha! Nimemupa kichwa ya samaki, ile anapenda. Nimemupa mukia. Namusikiliza akiosha sahani, nimuone anaimba wimbo ya ba njano ao ya ba bluu, zile parti mbili zinashindana. Anaimba zote mbili, muchawi huyu. "Kambo, ni siri," anasema. Siri! Mu nyumba ya vyumba mbili!

Asubui tulikuwa ku muchanga, siye bamama ba chisense. Batu bale hawajue: chisense ni kasamaki kadogo kama kidole ya mutoto, tunaitandaza chini ku muchanga, jua inaikausha, na siye tunakaa pembeni tunafukuza kuku na tunasema. Siku hizi tunasema prezida tu. Zamani tulikuwa tunasema bibi za batu, ilikuwa afazali.

Bana Chanda, ni kusema mama ya Chanda, jirani yangu, ni wa bluu mpaka mu mifupa. Anasema ule wa bluu njo atapunguza ile miezi serikali inafunga ziwa, batu wasivue. "Ziwa ikifungwa, batoto wangu wakule nini, maombi?" Mama mwingine akasema yeye ni njano juu ya barabara, siku ile barabara itakuwa muzuri samaki yake itafika Lusaka ikingali na macho. Mama Vero, yeye muCongo kama miye, anavusha samaki ng'ambo, hana kura lakini maneno iko nayo. Akasema: "Miye ninaangaliaka bibi ya mutu. Mwanaume mwenye kutembea bibi yake nyuma, hata hamuangalie kama amejikwaa, huyo njo ataangalia weye?"

Pale kulikuwa muzee moja anashona makila yake, nyavu za kuvulia. Akanyanyua kichwa: "Miye nitamuchagua mwenye kushindwaka mara mingi. Mutu wa njala anatumikaka kazi muzuri."

"Tata," Bana Chanda akamuambia, "mutu wa njala akifika ku chungu, anatumika ao anakula?"

Tukacheka mpaka kuku bakaingia mu samaki.

Miye nikasema yangu. Nikasema mutu mwenye kutaka kuwa prezida, ningemupa chisense achague vijiwe. Mwenye haraka atakuambia imeisha. Mwenye kudharau ataita bibi yake. Mwenye kuinama mpaka mugongo inauma, ule njo nitamupa inchi. Bana Chanda akaguna: "Na hauna kura, banakulu, unagawa inchi ya batu." Banakulu, njo vile wanatuita siye bamama bazee, na alisema kama muchezo. Lakini iliniuma kidogo, na miye nikamujibu vibaya, nikasema ule wake wa bluu angeshindwa hata kujua chisense ni nini. Tukaachana na midomo imevimba.

Nilichaguaka mara moja mu maisha yangu, kule Pweto. Nilichagua kwa uso, juu sijue kusoma. Nilimuona mumoja ku karatasi, masikio yake ilikuwa kama ya kaka yangu, nikatia alama. Bakanitia wino ku kidole. Nilikataa kunawa, bwana yangu alinicheka, nilikula bukari, ule ugali wetu, na mukono ya kushoto kama mutu hana adabu. Miye nilikuwa nimetia neno yangu mu inchi! Ilikuwa kitu kikubwa, batu yangu.

Nimepotea njia. Narudi.

Siku ya tatu, jumatano hii, kamyo, lori ya ba njano, ilipita ku soko ya Kashikishi, inatupa bikwembe. Hapa wanaita chitenge. Katikati kuko uso ya yule baba yao, mukubwa kama sinia. Miye ninajua mukimbizi hapashwe kugusa politike. Ninajua! Lakini kikwembe ni kikwembe. Yangu ya kufungia samaki ilikuwa imepasuka, na ile ilianguka yenyewe ku mabega yangu. Ningeirudishia nani?

Bamama bengine wakipata ile kikwembe, wanafunga samaki na uso ya baba ndani, batu wasiione. Miye nilikataa. Uso ya mutu mukubwa haiwekwe mu samaki. Kwetu hata foto ya baba mukwe hauitie karibu na chungu. Kama huyu atakuwa prezida kweli, akalale na chisense mu macho? Nikamugeuza. Uso inje, anaangalia mbingu. Leo, kutoka ku muchanga, nikamubeba ku kichwa polepole kuenda ku soko, kama vile wanabebaka mufalme.

Ilikuwa heshima. Heshima ile njo ilinitia mu taabu.

Juu sikujua ba bluu wako na mukutano pembeni ya soko. Nilisikia ngoma, nikasema ni ndoa. Nikapinda kona, na nikajikuta mu bluu: kofia bluu, bendera bluu, bamama wanacheza na bikwembe ya bluu. Bana Chanda alikuwa mbele, anacheza. Macho yetu ikakutana. Kiisha yeye akageuza uso, akaendelea kucheza.

Bakada wakanizunguka. Bale vijana wa parti, batoto wa batu, bengine niliwapaka chisense bure wakiwa bado na makamasi. Mukubwa wao, mwenye miwani ya jua, akaniuliza na Kibemba:

"Banakulu, munabeba nani?"

"Chisense, mwana."

"Na huyu baba juu ya chisense, njo kapita mwenye kusimamia samaki?"

Batu wakacheka. Hata miye nilitaka kucheka. Kiisha mumoja akavuta kikwembe, fundo ikafunguka, na samaki yangu yote ikaanguka mu vumbi.

Pale njo woga ilinikamata. Na woga yangu haijue Kibemba. Kibemba ninasema hata mu ndoto, ninagombana nayo ku soko, ninasali nayo. Lakini mulomo ikafunguka, ikatoka Kiswahili: "Batoto yangu, munisamehe, miye sijue kitu."

Kicheko ikaisha.

"Ala! Ni muCongo huyu." Mwenye miwani akaniangalia upya. "Njo bale ba njano wanavusha na bwato kuya kuiba kura yetu."

Kuiba kura! Miye, mwenye sijue hata kushika bik ya kuandikia! Nikasema mbiombio, miye sina karte ya kura, muulize mutu yeyote, sina. Pale ningefunga mulomo. Mungu alitupaka meno juu ya kufungia ulimi. Lakini miye ni mutu wa kusema, munanijua. Nikaendelea. Nikasema mu nyumba yangu mwenye karte ni mutoto ya mutoto yangu peke, na yeye ni wa hapa kabisa, baba yake wa Mununga.

"Anaitwa nani?"

Nikamutaja.

Nilitaja jina yako, mama. Ile ya kweli, ile ya kubakia mu nyumba. Na jina ya baba yako. Na masomo, ile shule penye utaenda kupigia kura.

Ameacha kuandika. Telefone iko mu mukono, macho iko kwangu. Andika tu, Neema. Nilikuambia samaki iliangushwa na upepo. Haikukuwa upepo.

Yule kijana hakunitukana. Ingekuwa afazali anitukane. Alisema polepole, na heshima yote: "Sawa, banakulu. Siku ya ine tutakuwa pale ku laini, ku mustari ya kura. Tutamuangalia huyo muZambia wenu."

Wakaniachia. Nikarudi mikono tupu. Samaki nilibakisha mu vumbi, kikwembe nilibeba, sijue hata kwa nini.

Tangu pale niko na neno moja mu kichwa: Neema asiende. Kura moja haiongezi ziwa, haipunguzi ziwa. Nani atakuona kama hauendi? Lakini wakikuvuta ku laini mbele ya batu, wakisema rudia kwenu, weye utarudia wapi? Kwenu ni hapa. Miye nikifukuzwa, ninajua njia, nilishaitembea. Weye haujue njia ya kukimbia, na sitaki uijue.

Ninasema byote leo. Mchana, weye ulikuwa unachota maji, niliingia mu sanduku yako. Karte ya kura nikaikamata. Nikaificha. Nilijisemea, atatafuta, hataona, siku ya ine itapita, nitaikuta pembeni ya kitanda, nitasema loo, kumbe ilikuwa hapa.

Nilikuwa nimekaa na ile bongo, ile uongo yangu, Bana Chanda akafika.

Jua ilikuwa ingali juu ya maji. Alisimama ku mulango, hakupiga hodi. Mu mikono alikuwa na furushi. Akaitua chini, akafungua. Ilikuwa chisense yangu, nusu samaki, nusu muchanga, aliiokota yote mu vumbi. Na aliifunga mu kikwembe yake ya bluu. Uso ya yule wa bluu ilikuwa ndani, samaki imemujaa mu macho.

"Ulinigeuzia uso," nikamuambia.

"Ee. Niliogopa." Akakaa chini. "Ni batoto yetu, banakulu. Lakini wakiwa bengi, hawatujue tena."

Nikamuambia juu ya jina. Alisikia mwenzangu. Kiisha akatazama mikono yake, namna hii, akaigeuza.

"Neema nilimupokea na hii mikono. Mvua ilikuwa inanyesha, kiliniki mbali, weye unalia zaidi ya mwenye kuzaa. Sasa katoto ka juzi na miwani njo katanambia alizaliwa wapi? Siku ya ine nitapita hapa mapema. Nitavaa kikwembe ya kanisa. Neema atasimama mbele yangu ku laini. Mutu akimuuliza kitu, miye njo nitajibu."

Nikaishika ile mikono yake.

Akanyanyua kidole: "Lakini akichagua njano, mwambie asinambie. Nitakufa pale pale, mutanizika mu laini."

Tukacheka, tukalia, tukaanza kuchagua muchanga mu samaki. Muchanga haiishe. Hata kesho tutakuwa tunatafuna muchanga.

Sijue kama mama mumoja mwenye kikwembe ya kanisa anatosha mbele ya bale vijana. Woga haijatoka. Bana Chanda anaweza kugeuza uso tena, ni mutu. Miye pia niligeuza yangu, nilipoingia mu sanduku yako.

Lakini wakati alikuwa anasema, nilikumbuka ile kidole yangu ya Pweto, ile nilikataa kunawa. Nikasema, alor miye njo nitamunyima mutoto wangu wino? Bakada hawajamugusa bado. Mwenye kumufukuza ku laini wa kwanza ni miye, kambo yake, ndani ya nyumba yangu.

Neema, hauniangalie. Unaandika tu. Ukitaka kukasirika, ukasirike.

Ukitaka kwenda, uende. Ukiogopa, ubakie, hakuna mutu atakucheka hapa. Ni weye. Miye nitatembea na ninyi mpaka ku kamba, pale wanasimamaka bale hawana karte. Nitakaa chini, nitangojea. Nitafunga mulomo, Kibemba sitasema, Kiswahili sitasema. Ukitoka, nitaangalia kidole yako. Nani ulimuchagua, sitakuuliza tena. Hata kichwa ya samaki nitakupa bure.

Ile kikwembe ya njano iko ku kamba inje, uso imeangalia ukuta. Yule baba anisamehe, heshima yangu kwake imeisha.

Karte yako iko mu ndoo ya unga ya muhogo, chini kabisa, mu ka plastike. Nenda uitoe sasa, uipanguse muzuri. Maji ya bukari inataka kuchemka.