Maji ya Kijivu Uliyomletea Mama Yako

Athumani, mjukuu wangu,

Huna haya. Mwaka mzima wamfuata huyo bwana wako mpiga picha, bandari hii na bandari ile, mama yako yuko kitandani, nawe watuletea nini? Maji. Picha nne, zote maji, na maji yenyewe ya kijivu kama yaliyooshewa vyungu. Hata moja haina uso wako.

Najua utakalojibu. Utasema, "Nyanya, si wewe uliyenikataza?" Ndiyo, ni mimi. Siku uliyotoka nilisimama mlangoni nikakwambia usiniletee sura ya mtu katika nyumba ninayoswalia, malaika hawaingii. Nilidhani utanibishia. Tangu lini wewe ukanitii? Mambo mia nimekuamrisha, hukufuata hata moja, ukaja kufuata hilo.

Mama yako amefariki, Athumani. Ijumaa, wanaume wakiwa msikitini. Sijui uko mji gani, kwa hivyo naandika kwa herufi zangu za chuoni, nilikosomea Kurani, hizo hizo chache nilizo nazo, na barua nampa msafiri, naye ampe mwingine. Atakayeishika na aisome. Akikuona, akusomee kwa sauti, wala asikupunguzie neno.

Picha ya kwanza ilipofika, mama yako aliniuliza, "Mama, bahari ya huko ina rangi gani?" Wewe wakijua chumba chake, dirisha latazama ukuta wa jirani na kamba ya nguo zake. Mimi ni mtu wa mikeka. Ukindu uliopauka, ukiulowesha, rangi yake huinuka. Basi nikaitia picha yako katika sinia la maji. Usicheke. Karatasi ikabanduka kwenye kadi yake, ikajikunja kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Mama yako akacheka mpaka akakohoa.

"Mama, umeizamisha bahari!"

Sikumsikia tena akicheka vile.

Lakini nilipoitandaza juu ya mto ikauke, nikaitazama vyema, nikaona kijivu kile si kimoja. Kulikuwa na kijivu cha karibu na weupe, na cha katikati, na kizito kabisa. Nikaenda kuchukua vitita vyangu vya ukindu, nikawa naweka uchane mmoja mmoja juu ya picha. Pale penye maji mafupi nikaweka ule wa rangi ya jani changa. Kwenye maji marefu, ule wa nili. Panapovunjika mawimbi nikaweka ukindu mtupu, haukutiwa kitu. Naye mama yako, kalala chali, hawezi hata kujigeuza, anisahihisha: "Hapo tia manjano kidogo, mama, jua limepiga mchanga." Mimi! Kazi ya miaka arubaini, nafundishwa na mgonjwa. Na ilikuwa kweli.

Tukawa hivyo kwa kila picha. Asubuhi nikimaliza kumwosha, husema, "Haya, twende baharini." Nami namletea wewe, maana ndiyo sehemu yako tuliyokuwa nayo, hayo maji uliyoyatazama.

Nikakukumbuka ulivyokuwa mdogo, hujang'oka meno. Ulichota maji ya bahari kwa kata, ukaja mbio: "Nyanya, mbona rangi imebaki kule?" Nikakugombeza, "Rangi ya bahari ni ya kutazamwa, si ya kuchotwa. Mwaga huko, wanilowesha mkeka!" Siku ile ile ukatia mkono katika chungu changu cha nili, ukaupiga ukutani penye ngazi. Nilikuchapa. Walipokuja kupaka chokaa, mama yako aliwazuia wasipaguse. Vidole vyako vitano viko pale hata leo. Nikipanda ngazi huvigusa. Anayekusomea barua hii na aliruke hilo.

Sasa sikiliza linaloniuma. Katika picha ya nne, upande wa kushoto, nje ya mwamba, pana doa zito. Mama yako alisema, "Hapa ni zambarau, kama ganda la bilingani." Nikamwambia hakuna bahari ya bilingani, hizo ni nyasi za chini, nyeusi, weusi wa mdaa tunaotilia ukindu. Akasema zambarau. Nikasema nyeusi. Siku tatu, Athumani. Nabishana na mtu ambaye hawezi kushika kikombe, kwa kuwa nimezoea kushinda. Lingenigharimu nini kusema, "Haya, zambarau"? Alhamisi alinishika mkono, akasema, "Basi tuache. Atakuja Athumani atuamue."

Kesho yake tukamzika.

Nimeweka chane mbili juu ya doa lile, mmoja mweusi na mmoja wa zambarau, na sijatoa hata mmoja. Ukindu wa mkeka mpya umekauka chini ya kitanda chake, sijaugusa. Na hilo neno la malaika na nyuso, nimelifuta. Picha sitaki tena, ya maji wala ya nini. Uso uje wenyewe, na miguu yake.

Wewe ndiye uliyesimama pale, ukaona kwa macho. Kwa hivyo rudi. Ukishuka usije nyumbani kwanza. Pita kaburini, umwambie mama yako ni zambarau. Kisha ndipo uje kwangu, uniambie kweli.

Nyanya yako,
mama wa mama yako