Mkono wa Kulia wa Shamima

Pemba Kusini
Jumatano, 14 Mei 2025
Mvua tangu alfajiri. Uwanja wa skuli umejaa maji.

Kwa Baba yangu, Mwalimu Nyange,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, Baba. Natumai mgongo umetulia na watoto wa chuo chako cha Kurani hawakuchoshi. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nikisikia sauti yako nitasema mambo ni mazuri, kama nilivyosema Ijumaa.

Si mazuri. Tangu nianze mazoezi ya kufundisha, asubuhi ni mwalimu wa darasa la tatu, jioni ni mwanafunzi anayedaiwa kazi na chuo cha ualimu. Hesabu nimefeli na nitarudia mtihani. Andalio la somo naliandika huku nasinzia.

Darasani yumo Shamima, anayelelewa na bibi yake. Nilimkuta hajui kusoma hata jina lake. Nikawa nabaki naye baada ya masomo, tukienda silabi kwa silabi. Siku aliyosoma neno zima peke yake, alicheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio. Kisha chuo kikatutaka tuandike namna ya kumsaidia mwanafunzi mzito. Ili nipate muda wa kuiandika kazi hiyo, nilimwambia Shamima asibaki tena. Kazi ilipata alama nzuri.

Baadaye nikaarifiwa kuwa mhadhiri anakuja kunikagua, na kwa hali yangu ya hesabu, nikianguka hapo pia masomo yangu yameishia hapo. Bi Siti, mwalimu mwenye darasa, aliniona nalirudia andalio mara ya tatu, akanicheka. Akasema, “We mwanangu, wakaguzi hupenda mikono tu! Wote wanyooshe. Ajuaye wa kulia, asiyejua wa kushoto. Nawe chagua wa kulia, basi.” Akaongeza kuwa naye alipita hivyo hivyo, na hadi leo hajaulizwa.

Nikawafundisha watoto. Mmoja alisema kwenye chuo cha Kurani hawaruhusiwi kujibu kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia hapa si chuoni.

Siku ya ukaguzi mikono ilisimama darasa zima. Niliandika sentensi ubaoni, nikauliza nani ataisoma. Shamima alinyoosha wa kulia. Nikadhani kachanganya mikono, nikamruka. Akanyoosha tena, akainuka kwenye dawati, “Mie mwalimu, mie!” Nikamwambia aketi. Mhadhiri alinisifu kuwa darasa langu lina uhai.

Watoto walipotoka, Shamima alikuja mbele akaisoma ile sentensi yote bila kukwama. Nilimuuliza kafundishwa na nani. Akasema alikuwa akisoma maandishi ya kanga za bibi yake, moja baada ya nyingine, akinisubiri nimalize kazi zangu. Kisha akataka kujua kosa lake nini. Nikaanza kufuta ubao.

Tangu hapo hunyoosha wa kushoto tu, hata nikiita mahudhurio. Nimembembeleza abaki tena baada ya masomo. Anasema bibi anamngoja. Jana nilimwita mbele asome neno ninalojua analijua. Alitikisa kichwa, akaangalia miguu yake.

Huo ndio ushindi niliokupigia simu Ijumaa, ukaniombea dua msikitini na Mama akawagawia majirani mkate wa kumimina. Wewe ulitufundisha kwamba kusema sijui ni nusu ya elimu, na mtoto aliyelisema hukumpiga. Mimi nimelifundisha darasa zima kuficha sijui yao, na mmoja nimemfundisha kuficha elimu yake. Mhadhiri sijamwambia. Nikimwambia, chuo basi. Nikinyamaza nitapewa darasa jingine, na humo atakuwamo Shamima mwingine. Nimelifikiri hili mpaka kichwa kimekuwa kizito, na sioni mlango.

Mama nisalimie sana, na umwambie asinipikie kitu nikija Iddi. Jirani yenu Jaribu anarudi Micheweni kesho, ndiye atakayekuletea barua hii. Na wakikuuliza msikitini kama mwanao keshakuwa mwalimu, Baba, wajibu kama ulivyotufundisha: sema hujui.

Mwanao akupendaye,
Ummkulthum

Alhamisi asubuhi. Barua iliisha jana saa nne usiku. Taa nilizima, lakini usingizi ulinichukua saa tisa usiku.