Miche ya Kiwanja cha Nne

Jumatatu, 9 Januari 2012

Nimelificha hili miaka zaidi ya thelathini: namchukia Boakye. Kanisani tunakaa benchi moja. Mkewe alipofariki nilivaa nguo nyekundu ya msiba, nikalia kuliko ndugu zake. Unafiki mtupu. Daktari anasema moyo wangu hautafika Pasaka, basi niandike.

Mwaka 1978 tulipima pamoja viwanja vinne, mashamba ya kakao yaliyoachwa. Tuone kama msitu hurudi wenyewe bila kupandwa, kila mwaka tukihesabu miche iliyojiotea. Yeye alisema hurudi. Mahesabu yote yangu — ripoti ikatoka kwa jina lake peke yake. Mbele ya wageni akanionyesha kwa kidole: "Huyu Frempong hunishikia kamba ya kupimia." Wakacheka. Nami nikacheka.

Jumatano, 11 Januari

Upepo wa vumbi. Kifua kizito.

Amekuja Dufie, binti wa Boakye. Naye ni mpima misitu siku hizi. Anasema viwanja vitatu vimefunga kwa miti, jua halifiki chini. Cha nne ni nyasi, na moto kila kiangazi. "Nana," akaniita kwa heshima ya wazee, "udongo ni uleule. Imekuwaje?" Nikamjibu asome daftari zangu.

Jumamosi baraza la chifu litaamua. Kuna watu wanataka bonde lote lifyekwe, ipandwe misaji ya mbao. Ushahidi wao ni kiwanja cha nne: hapa msitu haurudi. Boakye atasimama kubisha, atazomewa.

Nimemaliza sahani nzima ya ampesi, viazi vikuu na ndizi za kuchemsha. Mara ya kwanza tangu Krismasi.

Ijumaa, 13 Januari

Boakye mwenyewe kaja na Dufie, na mkongojo wake.

"Bado hujafa wewe?"

"Nangoja utangulie," nikamjibu, "ukanishikie kamba."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema amesoma daftari zangu, na amekosea maisha yake yote. Kesho atakiri mbele ya baraza: bonde lipandwe misaji.

Dufie akadakia: "Daftari nazo hukosea, Baba."

"Za Frempong?" Akagonga mkongojo sakafuni. "Miaka ishirini tuliyopima sijaona tarakimu yake ya uongo. Akiandika mche umekufa, umekufa." Anataka nisimame kando yake, niwe shahidi.

Nilitaka ashindwe. Sikutaka aniamini.

Jumamosi, 14 Januari

Gari la Dufie liko uani. Boakye keshaketi mbele, nguo ya heshima begani, ananiita: mzee, unajipodoa? Viatu nimevaa. Lakini niandike kwanza, nisije nikakosa ulimi huko.

Bado namchukia. Hilo halijapungua.

Katika kazi yetu, mche usioonekana huandikwa "umekufa". Daftari halina safu ya kuuliza umekufaje. Honi ya pili. Kila Januari, wiki moja kabla ya kupima, nilikwenda peke yangu kiwanja cha nne nikaing'oa miche yote kwa mikono yangu.