Unga Wangu Usiingie kwenye Uji wa Baba

Mama,

Nimeamshwa na kijiko kikigonga mkebe wa unga wangu wa kujenga misuli, nikatoka nikikufokea hata kabla ya salamu. Nisamehe. Hasira hizi nimezirithi kwa wajomba. Najua ulimtakia Baba nguvu, na ile picha ya njemba kwenye mkebe ikakudanganya. Lakini daktari alimkataza protini nyingi kwa sababu ya figo, na unga wangu ni protini tupu. Uji ule nimeumwaga kabla hajauonja. Mpikie mwingine, usiongeze kitu. Mkebe ~~nimeuficha~~ uko juu ya kabati.

Baba amenicheka, mimi mtunga mashairi wake: "Malenga mzima, unagombana na uji!"

Nimemjibu mlangoni, majirani wakisikia: "Baba, Jumatatu nakupeleka kliniki mwenyewe, nami nitaulizia kipimo changu cha unga huo."

Kifunguamimba wako,
Kyalo